Kichochoro cha Posta siyo choo, ni njia!

Jamani, tuambiane ukweli. Ukishuka Posta Mpya ukaamua kukatiza vichochoro vya nyuma ya majumba ya zamani uende Kisutu, unahitaji vitu vitatu: leso ya kuziba pua, macho ya kukwepa maji machafu, na roho ngumu kama jua limeshazama. Ndiyo maana wengi tunaona heri kuzunguka juani, tukigombea lami na magari.

Mimi napenda vichochoro, sifichi. Nikisikia mtu anasema dawa yake ni kuvifunga geti, roho inaniuma.

Hebu panda boti hapo bandarini uende Unguja. Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba mno, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Siri yake nini? Nyumba zinakitazama kichochoro. Mlango wa mbele uko pale, baraza iko pale, wazee wanakunywa kahawa pale. Nani atathubutu kujisaidia mbele ya babu wa watu?

Posta mambo ni kinyume. Majumba yanaangalia barabara kubwa, kichochoro kimepewa mgongo. Huko nyuma ndiko kwenye mabomba, mapipa ya taka na viyoyozi vinavyodondosha maji. Pasipo na mwenyewe, kila mtu huchafua.

Na siyo suala la harufu tu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Siku kama hizo, au siku ya moto, kila futi ya njia ni uhai wa mtu.

Old Boma, jengo la miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, lilikarabatiwa likawa kituo cha urithi wa majengo. Safi sana! Kumbe kuta tunazijali. Basi na njia tuzijali.

Tuanzie wapi? Mtaro kwanza. Kupaka ukuta rangi kabla ya kuzibua mtaro ni sawa na kumpaka poda mtu ambaye hajaoga. Pili, taa. Tatu, sakafu isiyoteleza, ili bibi mwenye mkongojo naye apite. Mwisho, wenye majumba wafungue milango ya nyuma: hapa kinyozi, pale duka la vitabu.

Najua utauliza, na mama lishe je? Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara. Kwenye kichochoro mimi nasema tusimfukuze. Apewe sehemu yake iliyochorwa mstari, bomba la maji na pipa la taka. Lakini naye asitandaze mabenchi hadi watu wapite ubavu ubavu. Yeye na fundi viatu ndio macho ya njia. Mwizi hapendi pahali penye macho.

Wenye majumba, msikae mkingoje Jiji. Kaeni na wapangaji wenu na serikali ya mtaa, mchague kichochoro kimoja tu. Ninyi leteni taa na mtaro. Sisi wa kutembea tutaleta miguu, na mama lishe atapata wateja.