Seva Ikikataa Kuwaka, Pesa Zako Ziko Wapi?

Umeweka nambari, kiasi na PIN, ukabonyeza kutuma. Simu inasema ombi lako linashughulikiwa. Halafu kimya. Hapo ndipo wengi hubonyeza tena. Kabla hujafanya hivyo, hebu tukusimulie yaliyotupata usiku mmoja.

Diski mbili, ufunguo mmoja

Saa nane usiku tulizima seva inayokamilisha maombi ya kutuma pesa, ili tuiwekee masasisho ya usalama. Kuiwasha, ikagoma. Skrini ilibaki nyeusi, na maandishi mafupi kwamba haioni diski ya kuanzia.

Seva hiyo ina diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja. Mafundi huita mpango huu RAID 1. Diski moja ikifa, nyingine inabaki na rekodi zote. Na kweli, moja ilikuwa imekufa, lakini ya pili ilikuwa nzima. Sasa mbona seva isiwake?

Kompyuta ikiwashwa, hutafuta kwanza programu ndogo ya kuuamsha mfumo. Sisi tulikuwa tumeiweka kwenye diski ya kwanza pekee, ile iliyokufa. Ni kama duka ambalo stoo imejaa bidhaa lakini ufunguo umepotea.

Angalia kwanza, ndio ubonyeze

Ukiwa na haraka, unaweza kuamua kuzipanga diski upya. Ukikosea hapo, unafuta hata rekodi zilizopona. Fundi wetu hakugusa kitu. Alipiga skrini picha, akahakikisha diski ipi ni nzima, akaiwasha seva kwa flashi na kunakili rekodi zote kando. Ndipo akaiweka ile programu ndogo kwenye diski ya pili. Kufikia saa kumi na moja alfajiri, seva ilikuwa imeamka. Hakuna rekodi iliyopotea.

Lakini wakati huo wote, seva ya kupokea maombi ilikuwa kazini, na maombi yalikuwa yamepanga foleni. Mteja mmoja alikuwa akimtumia dadake shilingi 2,000 za dawa. Alibonyeza mara tatu. Foleni ilipofunguka, zikaenda 6,000, na pesa za nauli ya asubuhi zikawa zimeisha. Tulimsaidia kuzirudisha, lakini asubuhi hiyo alitembea kwa miguu.

Ukijipata hapo, fanya hivi

- Usitume tena. Ngoja meseji ya uthibitisho.
- Angalia salio na taarifa fupi ya miamala.
- Muulize unayemtumia kama amepokea.
- Ikichelewa sana, pigia huduma kwa wateja ukiwa na saa, kiasi na nambari uliyotumia.
- Usimpe mtu yeyote PIN, hata akisema anatoka kwetu. Matapeli hupenda sana siku ambazo sistimu iko chini.

Nasi tumejirekebisha

Sasa diski zote mbili zina programu ya kuamsha mfumo, na tunajaribu kuwasha kila seva ikiwa na diski moja tu. Pia tunahifadhi nakala nje ya seva, kwa sababu ukifuta kitu kimakosa kwenye RAID 1, kinafutika kwenye diski zote mbili.

Kwa hivyo simu ikinyamaza, vuta pumzi. Angalia salio kwanza.