Kuichagua Spana Yenye Mizani

Katika safari yangu moja ya usiku kutoka Tanga kwenda Segera tairi la nyuma lilipata pancha, na nilipotaka kulifungua nilikuta nati moja imekazwa kwa ukali usio na kiasi na fundi aliyelifunga mwezi mmoja kabla, ambaye nilimwona kwa macho yangu akiikanyaga wili spana kwa mguu na kuilalia kwa uzito wote wa mwili wake, hata nikadhani siku ile kwamba nimempata mtu mwenye bidii. Nami nikaikanyaga vilevile, na badala ya nati kulegea ikakatika stadi yenyewe, yaani ule mguu wa chuma wenye hesi utokao kwenye habu. Nikaendelea na safari kwa nati nne zilizosalia, mwendo wa polepole, nikiusikiliza kila mlio wa gurudumu. Tangu usiku ule nimekuwa nikiuliza kwa moyo wote jambo ambalo hapo kabla sikulijali: nati yapaswa kukazwa kwa nguvu kiasi gani, na nani awezaye kukijua kiasi hicho kwa mkono mtupu?

Bolti, ijapokuwa ni chuma kigumu, huvutika kidogo ikazwapo, mfano wa springi, kwa urefu mdogo mno usioonekana kwa jicho, na kule kutaka kwake kurudi katika urefu wa asili ndiko kunakovibana vitu viwili visiachane. Ikikazwa pungufu, mtikisiko wa barabara huilegeza siku baada ya siku. Ikikazwa kupita kiasi, chuma huvuka mpaka wake kikavutika moja kwa moja, hakirudi tena, na mara nyingine hukatika papo hapo. Penye alumini, kama katika sampu na hedi za injini nyingi za siku hizi, hesi ndizo hung'oka kwanza, na gharama yake si ndogo. Fauka ya hayo, takriban sehemu tisa katika kumi za nguvu tuitiayo kwenye spana huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha nati na ndani ya hesi, na sehemu moja tu ndiyo ivutayo bolti. Ndiyo sababu kutu kidogo au oili kidogo hubadili mambo kwa namna ambayo mkono, uwe wa fundi wa miaka thelathini, hauwezi kuihisi kwa yakini. Na ndiyo sababu nati za tairi hufungwa zikiwa safi na kavu, ila kitabu cha gari kiamrishe vinginevyo.

Ala iliyotengenezwa kwa ajili ya haja hii ndiyo mafundi wetu waiitayo toki renchi. Husimuliwa kuwa aliyeibuni ni Conrad Bahr, mtumishi wa idara ya maji ya jiji la New York, mwaka 1918, ili mafundi wasizikaze mno bolti za mabomba makuu yaliyo chini ya ardhi.

Basi mwenye kutaka kuinunua asianzie dukani. Aanzie kwenye kitabu cha gari lake, aziandike kwenye karatasi zile nati anazozigusa yeye mwenyewe pamoja na kiasi cha kila moja. Mathalan, katika Toyota nyingi ndogo zilizojaa katika barabara zetu, nati za tairi hukazwa kwa nyutonimita 103, na ile ya kumwagia oili kwa nyutonimita 37 hivi. Plagi huhitaji pungufu ya hapo. Vitabu vya Toyota huandika kiasi kimoja kwa vipimo vitatu, 103, kisha 1,050 za kilogramu-sentimita, kisha 76 za pauni-futi, na hata kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani, kikiwa kwa Kijapani kitupu, tarakimu zake husomeka. Lakini hapa pana hatari iliyowapata wengi: mtu huisoma 103 kitabuni, kisha akaitega spana yake kwenye 103 za pauni-futi, naye asijue kuwa amekaza karibu nyutonimita 140. Spana iliyoandikwa vipimo viwili, kila kimoja upande wake na kwa herufi zisizofutika upesi, ina thamani kubwa kuliko ile yenye mpini wa kung'aa.

Karatasi hiyo ikiisha kuandikwa, uchaguzi hujitengeneza wenyewe, maana toki renchi haiaminiki mwanzoni mwa kipimo chake. Iliyo na mwisho wa nyutonimita 200 usiitegemee chini ya 40. Hivyo ni vigumu kupata spana moja itoshayo kwa nati za tairi na plagi pamoja, na mwenye duka akuambiaye vinginevyo anataka kuuza tu. Rai yangu ni kununua kwanza ile yenye kichwa cha nusu inchi, yenye kuanzia 28 au 40 hadi 200 au 210, kwa sababu tairi ndilo mwenye gari alifungualo mara nyingi, tena ndilo libebalo roho za watu. Ya pili, ya thumni tatu za inchi, itafuata siku utakapoanza kubadili plagi na oili kwa mkono wako.

Ama kwa aina zake, kuna ile ya kale, ya ufito na mshale, ambayo mpini wake hupindika unapovuta na mshale ukaonyesha kiasi juu ya kibao. Haina springi ya kuchoka, na mshale ukihama kwenye sifuri huinamishwa kwa vidole ukarudi, nami naistahi sana, ila yataka jicho liwe juu yake sawasawa, jambo gumu kwa aliyechutama kando ya gurudumu. Ya betri ni nzuri na ghali. Aghalabu mtu atachukua ya mlio, ambayo springi yake hutegwa kwa kuzungusha mpini, na nguvu ifikapo kiasi kilichotegwa husikika "tak!" na mkono ukahisi kuachiwa kidogo. Ukiinunua hiyo, tazama kama ndani ya boksi mna cheti cha kupimwa kilichotaja kanuni ya ISO 6789, ambayo kwa spana za ukubwa huu huruhusu kosa la asilimia 4 tu, juu au chini; na isiyo na cheti chochote, ijapokuwa ni rahisi, mimi singeifungia tairi la gari watakalopanda watoto.

Yangu, ya mlio, ina mistari kwenye shingo ya mpini, 84, 98, 112, na kuendelea, na mviringo wa chini una tarakimu ndogo toka sifuri hadi 14. Ili niipate 103 nafungua kifungo cha mwisho wa mpini, nazungusha hadi ukingo wa mviringo ulale juu ya 98 sifuri ikiwa katikati, kisha nasogeza mbele vijistari vitano na kufunga tena. Nati zote huzianza kwa vidole, nikazibana kidogo kwa wili spana, nikaishusha jeki mpaka tairi liguse ardhi. Kisha navuta kwa utaratibu bila kushtua, nikiruka nati moja moja kwa umbo la nyota, na mlio wa kwanza ukisikika nasimama, kwani kuvuta mara ya pili ni kuongeza. Baada ya kilometa 100 hivi nazipima tena.

Toki renchi isitumiwe kufungulia nati iliyoshika, kazi hiyo ni ya pawa baa, ule mpini mrefu wa kufungulia, wala isiongezwe bomba mpinini. Kazi ikiisha nairudisha springi kwenye namba yake ya chini kabisa, si chini ya hapo, naipangusa vumbi na kuirudisha katika boksi lake. Na kila mwaka, au ikiisha kulia mara 5,000, hupelekwa kupimwa upya.