Balehe huanzia kwenye ubongo, usisubiri dalili

Zamani Rungwe, mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka 10 au 11 hivi, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake wa rika walijijengea vibanda, ila chakula waliendelea kula kwa mama zao.

Kumbe huo ndio umri mwili unapoanza kubadilika.

Ubongo huamsha tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari. Tezi hiyo humwaga homoni kwenye damu, nazo huamsha korodani au ovari.

Korodani hutoa testosteroni: sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota, misuli inajaa. Ovari hutoa estrojeni: matiti yanaota, nyonga zinatanuka, kisha hedhi inakuja.

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 na 14. Kwa hiyo wa darasa moja kupishana si ugonjwa.

Mzazi, zingatia hili: yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza. Binti anaweza kushika mimba hata kabla hajaona damu.

Leo vile vijiji vya rika havipo tena Tukuyu. Ongea na mwanao mapema.