Nairobi–New York: Kwenda Saa 15, Kurudi 14

Tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 787 ya Kenya Airways iliondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta ikaelekea New York bila kutua popote njiani. Ndiyo iliyofungua safari za abiria za moja kwa moja kati ya Kenya na Marekani. Shirika lilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi, ilhali umbali ni uleule, karibu kilomita 11,800.

Saa hiyo moja inaliwa na upepo. Huko juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, mikondo mikali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York hukumbana nayo kama upepo wa mbisho; anayerudi husukumwa nayo. Mjapani Wasaburo Ooishi aliipima kwa maputo miaka ya 1920, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto ili yasomwe dunia nzima. Waliomsoma, masikini, walikuwa wachache mno. Siku hizi mashirika ya ndege huitegea: Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa muda usiofika saa tano.

Njia yenyewe nayo ina mambo yake. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, mstari wa Nairobi–New York utaipasua Sahel na kuiacha Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa: vuta uzi juu ya tufe uone unavyopanda kaskazini, ukikatiza Chad, Algeria na Moroko kabla ya kuingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi, na ndiyo inayohesabiwa umbali wa viwanja viwili unapotajwa.

Marubani hawaifuati neno kwa neno. Hukwepa dhoruba, na hukwepa vita pia. Mapigano yalipozuka Sudan Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa, na ndege zilizozoea kupita hapo zikalazimika kuzunguka.

Nairobi ina tatizo jingine: uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege ya New York hubeba takribani tani 85 za mafuta. Ubaridi wa usiku huisaidia kupaa.

Kwenye safari fupi hesabu hugeuka. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilomita 70 na ushei, dakika 20 hivi angani. Foleni ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri mizigo huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, na hapo boti ya saa mbili, inayotoka katikati ya jiji na kukushusha Malindi ya Zanzibar, haiachwi mbali.