Presha ya mitihani, sigara na pepo ambalo halipo

Mitihani ya chuo ikikaribia, maswali yanayoletwa kwenye safu hii hubadilika. Safari hii mengi ni ya aina moja: mwanafunzi anavuta ili atulie, ana dini yake, anaona aibu, na anataka kujua kama sala inaweza kumwachisha. Mmoja anasema bila fegi mbili hawezi kukaa kwenye kimbweta akamaliza hata ukurasa. Mwingine ameshaombewa, na hilo linaloitwa pepo la sigara limegoma kutoka.

Tuanze na huko kutulia, maana ndiko uongo wenyewe ulikojificha. Nikotini ni kichangamshi. Inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 tangu moshi uvutwe, inakaa kwenye vipokezi ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya kemikali yake wenyewe, na dopamini inamwagika. Ubongo ukishazoea, unaongeza idadi ya vipokezi hivyo. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini imeshaondoka kwenye damu, vipokezi vinabaki vitupu, na mtu anaanza kukasirika kwa vitu vidogo, mawazo yanatawanyika, mikono haitulii. Vijana wanaita arosto. Anawasha nyingine, nafuu inakuja, naye anaapa kwamba sigara imemwondolea presha ya mtihani. Imemwondolea arosto ya sigara iliyotangulia, basi. Ni sawa na kuchukua mkopo wa kausha damu leo ili kulipa marejesho ya mkopo wa kausha damu wa jana.

Mwanasaikolojia Andy Parrott wa Uingereza aliandika hivyo mwaka 1999, na wengi walimbishia. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ likachapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizofuatilia watu walioacha na walioendelea. Walioacha walikuwa na wasiwasi, sonona na msongo mdogo kuliko walioendelea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ataacha presha ikiisha, mwambie kwamba ameanzia mkiani.

Sasa imani. Tafiti nyingi za vyuoni, katika nchi za Kiislamu na za Kikristo, zinaonyesha kwamba wanafunzi wanaoshika dini huvuta kidogo kuliko wenzao. Nasoma matokeo hayo kwa tahadhari. Tafiti hizo kwa kawaida hutegemea dodoso, na mwanafunzi anayejulikana kwenye jumuiya yake ana sababu zote za kuandika "sivuti", hasa akiwa msichana. Mate au mkojo uliopimwa kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, ungesema kweli zaidi. Tena huenda wanaopenda kuvuta ndio wanaoacha kwenda msikitini au kanisani, si kinyume chake. Kuna utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998 ukihusu wazee wapatao 4,000, ambao naupenda kwa jambo dogo: waliohudhuria ibada na kusali mara kwa mara walivuta kidogo, lakini kutazama au kusikiliza vipindi vya dini kwenye televisheni na redio hakukuwa na uhusiano wowote na uvutaji. Wanaotumiwa mahubiri kwenye simu usiku kucha wazingatie.

Lakini hadithi iliyonikamata ni nyingine. Wayahudi wanaoshika Sabato kikamilifu hawawashi moto tangu jua la Ijumaa linapozama hadi usiku wa Jumamosi. Hakuna moto, hakuna sigara. Miongoni mwao wamo wavutaji sugu. Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walitaka kujua watu hao wanaipitishaje siku nzima. Wakawapima kiu ya sigara siku ya kazi wakivuta watakavyo, siku ya kazi wakiombwa wasivute, na siku ya Sabato. Matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Siku ya kazi waliyozuiwa, kiu iliwatesa. Siku ya Sabato, watu walewale, ubongo uleule, vipokezi vilevile vikiwa vitupu kwa saa nyingi, kiu ilikuwa ndogo.

Dar hakuishia hapo. Akaenda kwa wahudumu wa ndege wanaovuta. Kama kiu inatokana na nikotini kupungua tu, basi safari ya saa 10 na zaidi ingewatesa kuliko ya saa chache. Haikuwa hivyo. Kiu ilipanda ndege ilipokaribia kutua. Mwishoni mwa safari fupi walikuwa na kiu kubwa kuliko walivyokuwa baada ya muda uleule wakiwa katikati ya safari ndefu, ambako bado hawakuwa na tumaini la kiberiti.

Maana yake, kiu haifuati damu peke yake. Inafuata matarajio. Ubongo ukijua mlango umefungwa kabisa, haupigi hodi sana. Ukiona mlango uko wazi kidogo, unagonga bila kukoma. Ndiyo maana sigara zinazouzwa moja moja kwenye kibanda cha karibu na hosteli ni hatari kuliko zinavyoonekana: mlango uko wazi saa zote. Na ndiyo maana mvutaji aliyefunga Ramadhani, ambaye huku kwetu anakaa saa zipatazo 13 bila moshi, anaweza kuuvuka mchana kisha akahangaika dakika za kungojea adhana ya magharibi. Maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo yapo, sikatai. Arosto ya nikotini na ya kahawa ni ya kweli. Ila mtu huyo ameshajionyesha kwamba anaweza, halafu anafuturu kwa sigara.

Hapo ndipo nguvu ya imani ilipo, na haina muujiza: kanuni isiyojadiliwa, watu wanaokuona, na saa zinazojulikana. Wanaouza mafuta ya kutoa pepo la sigara wanaharibu kitu hicho hicho. Kijana anaambiwa amefunguliwa, vipokezi havijapata taarifa, jioni anavuta, kesho anaambiwa imani yake haba. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament wa Marekani ametumia miaka mingi kutofautisha imani inayomshika mtu mkono na ile inayomwambia Mungu anamwadhibu. Ya pili huambatana na msongo zaidi. Na mwenye msongo anajua kibanda kilipo. Upako wa aina hiyo ni kuuza kiberiti kwa jina lingine.

Mengine kwa haraka, maana nayasikia kila wiki. Maziwa hayasafishi mapafu; yanakwenda tumboni, na tumbo halina njia ya kufika kwenye mapafu. Maji ya shisha hayachuji sumu. Kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi zaidi ya mara 100 ya ule wa sigara moja, na mkaa unaongeza kaboni monoksidi. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, na anayekwambia ni matunda tu anakuficha na hilo.

Anayetaka kuacha asingoje wiki ya mitihani. Aache sasa, kwani makali yapo wiki ya kwanza na hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Aondoe sigara chumbani, awaambie wenzake, aende zahanati ya chuo aulize vibandiko au bazoka za nikotini. Vareniklini na bupropioni zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021. Zinahitaji daktari, si muuza dawa wa stendi.

Na viongozi wa jumuiya za dini vyuoni, ombi langu ni moja: mvutaji akija kwenu akikiri, msimsimamishe mbele ya wenzake. Mpeni mtu wa kukaa naye saa zile anazovuta.