Pedi Ifuate Mkono, Si Mkono Ufuate Pedi

Wahenga wetu walisema, vyaelea vimeundwa. Msemo huu unawastahili sana wakazi wa Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapo waliichukua baiskeli ya kawaida, wakafunga mto laini juu ya keria yake ili abiria akae bila kuumia, wakaanza kuwavusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya mpakani. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, walilolitaja mara mbili mbili katika kuwaita abiria, ndilo lililozaa jina la boda boda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Kiwanda kilichounda baiskeli hakikuuwaza mto ule. Aliyeuwaza ni mtumiaji.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya kifaa kingine kabisa, ambacho wazazi wengi hukitazama kwa jicho la mashaka. Ni kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili ambacho vijana hukitumia kuchezea michezo ya televisheni, nao hukiita pedi.

Mwaka huu nilikwenda Busia kumtembelea dada yangu, ambaye mumewe ni askari polisi. Mwana wao, mpwa wangu, ana umri wa miaka kumi na saba. Miaka mitatu iliyopita mashine ya kusaga mahindi ilimnyang'anya vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Tangu siku ile mkono huo ulikuwa haukai ila mfukoni. Alikula kwa kujificha, na wageni walipofika aliwasalimu kwa mbali.

"Kaka," dada yangu aliniambia, "mtoto huyu akitoka shule hupitia vibanda vya gemu. Hachezi. Husimama nyuma ya wenzake akitazama mpaka jioni. Baba yake hataki hata kusikia habari za vibanda hivyo."

Nilimwuliza kijana kwa nini hachezi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, pedi ina vitufe mabegani. Mimi sina vidole vya kuvifikia."

KIFAA KILIVYOFIKIA UMBO LAKE

Ndugu msomaji, yafaa tujue kwanza kwamba umbo la pedi halikushuka kutoka mbinguni. Mashine ya Atari iliyotoka Marekani mwaka 1977 ilichezwa kwa fimbo moja na kitufe kimoja tu. Mwaka 1982 Mjapani Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo alibuni kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba kimoja chaweza kukielekeza juu, chini, kulia na kushoto. Mwaka 1997 kampuni ya Sony ilitoa pedi ya DualShock yenye vijiti viwili vya kuinamishwa kwa vidole gumba, na umbo hilo ndilo mama wa pedi nyingi za leo.

Kila hatua iliongeza vitufe. Pedi ya sasa humtaka mchezaji awe na vidole gumba viwili vyepesi, na vidole vya shahada na vya kati vya kubonyeza mabegani. Wahandisi waliupima mkono wa mtu wa wastani, wakaunda kifaa kwa kipimo hicho. Lakini ni nani kati yetu mwenye mkono wa wastani? Koplo mwenye viganja vipana hushika pedi ileile anayoishika binti wa miaka kumi na miwili.

PEDI ZA WASHINDANI

Watu wa kwanza kuukataa mkono wa wastani kwa fedha zao walikuwa washindani. Michezo hii sasa ina mashindano makubwa na wachezaji wa kulipwa. Hapa kwetu Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Kimarekani ya UYU mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa mapigano wa Tekken, hali akiwa bado mwanafunzi wa sheria.

Shida ya mshindani ni hii. Kidole gumba cha kulia huongoza kijiti, na kidole hichohicho ndicho kinachotakiwa kubonyeza vitufe vinne vya usoni. Kila akiinuapo kidole ili abonyeze, ameacha kuongoza. Ni sawa na dereva anayeachia usukani kila apigapo honi. Kwa hiyo mafundi waliweka vibapa vidogo mgongoni mwa pedi, mahali ambapo vidole vingine hulala bila kazi. Kampuni ya Scuf ilijijengea jina kwa kazi hiyo kuanzia mwaka 2011. Mnamo Oktoba 2015 Microsoft ilitoa pedi ya Xbox Elite yenye vibapa vinne mgongoni, vijiti vya kubadilishwa virefu kwa vifupi, na njia ya kupunguza kina cha kubonyeza vitufe vya mabegani. Sony ilifuata Januari 2023 kwa pedi ya DualSense Edge, ambayo hata kitako cha kijiti chaweza kung'olewa kikabadilishwa.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Chini ya kijiti cha kawaida mna vipande vinavyosuguana ili kupima kijiti kimeinamishwa kiasi gani. Msuguano huvila vipande hivyo, na siku moja mchezaji hustaajabu kumwona mtu wake akitembea peke yake hali kidole hakijagusa kitu. Njia ya sumaku, iliyojengwa juu ya ugunduzi wa Mmarekani Edwin Hall wa mwaka 1879, haina msuguano huo, na baadhi ya pedi za leo huitumia.

Lakini bei? Xbox Elite ya kwanza iliuzwa dola 150 za Kimarekani, na DualSense Edge dola 200. Fedha hizo ni nzito kwa mshahara wa askari au wa mwalimu.

FUNZO KUTOKA KWA ASKARI

Wasomaji wetu walio jeshini watafurahi kusikia kwamba hatua kubwa zaidi haikutoka kwa washindani, bali kwa askari waliojeruhiwa. Huko Marekani shirika la hisani la Warfighter Engaged huwatengenezea maaskari waliopoteza viungo vifaa vya kuchezea vinavyolingana na miili yao. Mwaka 2014 mhandisi mmoja wa Microsoft aliona picha ya kifaa cha shirika hilo, na jambo hilo likawa mbegu. Mwaka 2018 kampuni ikatoa pedi maalumu kwa ajili ya walemavu, kwa dola 100. Usoni ina vitufe viwili vikubwa, na nyuma ina matundu 19 ambamo huchomekwa vitufe vya nje. Mtumiaji huviweka popote apendapo: chini ya mguu, kando ya kiwiko, au karibu na shavu. Sony nayo ilitoa pedi ya namna hiyo, iitwayo Access, mwezi Desemba 2023.

Nilimweleza shemeji yangu habari hizi jioni moja. Alinisikiliza bila kujibu. Baadaye aliuliza, "Hao askari, baada ya kupewa vifaa, hucheza na watu wazima wa viungo au hucheza peke yao?" Nikamjibu kwamba hucheza na yeyote. Kesho yake alinipa nauli ya kijana kwenda Tororo.

FUNDI WA TORORO

Safari ya kutoka Busia ya Uganda hadi Tororo si ndefu, na Mwamba wa Tororo huonekana kabla ya mji wenyewe. Fundi tuliyeelekezwa kwake hutengeneza redio na simu. Hakuuliza habari za Marekani. Alimwambia kijana, "Hebu shika pedi nikuone." Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu, mkono ule ulitoka mfukoni mbele ya mtu mgeni.

Fundi aliona mara moja kwamba kidole cha pete kilikuwa kimelala mgongoni mwa pedi bila kazi. Alifungua pedi kuukuu, akatoboa tundu dogo mahali pale, akaweka kitufe kipya, akakiunga kwa waya mbili nyembamba na mahali pa kitufe cha begani. Katika mchezo wa soka wanaoupenda vijana wale, kitufe hicho ndicho kinachompa mchezaji mbio. Kazi yote haikuzidi saa mbili, na gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya pedi mpya.

Jumamosi kibanda kimoja cha Busia kiliandaa mashindano ya mtoano. Mpwa wangu aliposhika pedi yake, mpinzani wake alilalamika kwamba kitufe cha ziada ni udanganyifu. Lalamiko hilo halikuwa la kipuuzi. Hata katika mashindano ya dunia, mwaka 2019 kampuni ya Capcom ya Japani ilikataa kisanduku cha vitufe cha bingwa Daigo Umehara, kwa kuwa vitufe vyake vya ziada vya mwelekeo vilikiuka kanuni. Mwenye kibanda aliichukua pedi, akabonyeza kitufe kipya mara kadhaa huku wote wakitazama televisheni. Kisha akatoa hukumu: "Anabonyeza mara moja, kinatokea kitendo kimoja. Hakimchezei. Endeleeni."

Hukumu hiyo ni ya haki. Pedi iliyotengenezwa ili kidole kifike ni halali. Pedi inayobonyeza yenyewe mfululizo, au inayofanya matendo matatu kwa kubonyeza mara moja, imemnyang'anya mchezaji kazi yake na kumwibia mpinzani.

Kijana alishinda mchezo ule kwa mabao mawili kwa moja, akatolewa katika mchezo uliofuata. Nilipogeuka nilimwona baba yake amesimama mlangoni akiwa bado amevaa sare za kazi. Hakusema pole wala hongera. Alisema, "Bao la tatu lile, ungemrudisha beki mapema." Wakaenda nyumbani wakibishana njia nzima, na kijana alikuwa akieleza kwa mikono yote miwili.

KWA WAZAZI

Kabla ya kununua pedi, mpe mtoto aishike kwa dakika kumi. Vidole vikilazimika kunyooka mno, pedi hiyo si yake. Isafishwe kwa kitambaa kikavu baada ya kuchomolewa. Mikono ipumzike kila baada ya nusu saa. Saa za mchezo ziwekwe na mzazi, masomo yatangulie, na panapochezwa kwa dau la fedha mtoto asikanyage.

Na kama nyumbani mwako kuna mtu ambaye ajali au vita vimembadilishia mwili, usiharakishe kumwambia kwamba jambo fulani si lake tena. Tazama kwanza kama kifaa chaweza kubadilishwa. Baiskeli ya Busia ilibadilishwa kwa mto mmoja. Mpwa wangu alihitaji kitufe kimoja na waya mbili.