Baka Lisilosikia Kuguswa Usiliite Mba

Mtu wa huku kwetu akiota baka jeupe mgongoni au mkononi, neno la kwanza ni mba. Atapaka dawa ya dukani, ataoga mwarobaini, na kwa kuwa baka haliumi, atalisahau. Mara nyingi huwa ni mba kweli. Lakini baka ambalo ukiliguswa hulisikii ni jambo jengine. Huo huenda ukawa ni ukoma, au jedhamu kama walivyosema wazee.

Ukoma umekuwa nadra nchini, lakini haujaisha, na Kwale ni katika kaunti ambazo bado wagonjwa wapya hupatikana. Msambweni wakongwe wanaikumbuka Tumbe, walikowekwa wagonjwa mbali na watu. Woga huo wa kutengwa ndio unaowafanya wengine wafiche mabaka yao hadi leo.

Ndani ya ngozi mna chembe walinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Kijidudu cha ukoma kikimezwa, hakifi. Huishi humo humo na kuzaana pole pole mno, hata dalili zikachukua miaka 5, pengine 20, kutokea. Kisha huingia kwenye mishipa ya fahamu. Ndipo mtu huungua jikoni au kukatwa na chupa asijue, na vidole vikaanza kupinda.

Kuutambua hakuhitaji mashine kubwa. Daktari hukwambia ufumbe macho, akaligusa baka kwa pamba, ukaonyesha ulipoguswa. Hupapasa mishipa ya kiwikoni kuona kama imevimba. Akihitaji, huchukua majimaji kidogo ya ngozi, kama vile kwenye ndewe la sikio, yakapimwa kwa hadubini.

Dawa ipo, na hutolewa bure. Ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida hutumia miezi 6, mwenye zaidi miezi 12. Akishaanza dozi, haichukui muda hawezi tena kuambukiza, kwa hivyo hakuna haja ya kumtenga wala kumbagulia sahani. Asishtuke mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikawa nyeusi, ni dawa hizo. Lakini mabaka yakivimba au mishipa ikauma, arudi hospitali haraka bila kuacha dawa. Dawa huua vijidudu, ila mshipa uliokwisha kufa haurudi. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara.

Basi leo jioni watazameni watoto migongo, na nyinyi wenyewe mtazamane. Mkiona baka lisilosikia, nendeni zahanati ya karibu, au hospitali ya rufaa ya Msambweni. Na mkifika msiseme tu "nina mba." Semeni: "Hapa nikiguswa sisikii."